Tupeane uzoefu: Subaru za boksa, zinadumu wapi na zinafia wapi hapa Dar

Kilimia wa Temeke (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa wenye Subaru, wanaotaka kununua, na mafundi wanaozifungua. Habari za "shemeji yangu alikuwa nayo ikamfilisi" tuziache kijiweni. Leteni aina ya injini, kipimo, kinachoharibika na sababu yake.

Nianze na asili. Subaru kwa Kijapani ni kile kikundi cha nyota ambacho wazee wa pwani hukiita Kilimia, kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Nyota kubwa kwenye nembo ni Fuji Heavy Industries, na zile tano ndogo ni kampuni zilizoungana kuiunda mwaka 1953. Mizizi yao ni kiwanda cha ndege cha Nakajima. Gari lao la kwanza kuuzwa lilikuwa 360, mwaka 1958. Boksa ilianza 1966 kwenye Subaru 1000, Leone ya 4WD ikaja 1972, Legacy 1989 ikiwa na injini ya EJ, Impreza 1992, Forester 1997. Huku kwetu jina lilikolea kwa Safari Rally: Colin McRae alishinda na Impreza 1997, Richard Burns 2000. Vijana waliokuwa wakisikiliza redioni ndio leo wananunua Forester za mtumba.

Boksa maana yake pistoni zimelala, mbili kulia na mbili kushoto, zinatazamana. Matatizo kadhaa mtakayoyaona humu yanatokana na huo ulalo. Oili hutuama upande wa chini wa kava za vali, plagi zipo ubavuni, na hewa hupata mahali pa kujificha kwenye maji ya injini.

Spana17

Nianze na kuchemsha, maana ndiko Subaru nyingi za Dar zinakomalizikia.

Tofautisheni EJ20 na EJ25 kwanza. EJ20 ni cc 1994, silinda ina kipenyo cha milimita 92. EJ25 ni cc 2457, kipenyo milimita 99.5, lakini bloku ni la ukubwa uleule. Kwa hiyo nafasi ya chuma ambayo gasketi ya hedi (kizibo kati ya bloku na hedi, kifuniko cha silinda) inakalia imekuwa nyembamba. Ndiyo maana sifa mbaya ya gasketi ni ya EJ25 zaidi. EJ20 isiyo na tabo (turbo) ikiunguza gasketi, mara nyingi imeunguzwa na mtu: rejeta imeziba, feni moja imekufa, au imejazwa maji ya kisima. Maji mengi ya visima vya hapa yana chumvi, na hedi ni aluminiamu. Chumvi inakula njia za maji taratibu mpaka gasketi inakosa pa kushika.

Dalili zipo za aina mbili. Ya kwanza ni uvujaji wa nje: ukilala chini ya gari unaona unyevu wa oili au kulanti (maji maalumu ya kupozea injini) pale hedi inapokutana na bloku, upande wa chini. Hiyo inakupa muda wa kujipanga. Ya pili ni ya ndani: mapovu kwenye kopo la akiba injini ikiwa moto, kopo linajaa na halirudishi maji kwenye rejeta, na gari linachemsha kwenye mwendo au kwenye mlima kama Kitonga huku kwenye foleni ya Ubungo likiwa limetulia. Foleni ikichemsha na barabara kuu ikapoa, angalia feni kwanza. Washa eisii, feni zote mbili lazima zizunguke.

Na mshale wa joto msiuamini sana. Umetengenezwa ubaki katikati hata joto likipanda na kushuka, ukianza kusogea umeshachelewa. Kifaa kidogo cha bluetooth kinachochomekwa kwenye tundu la OBD (la kusomea kompyuta ya gari) chini ya usukani kinakupa nyuzi halisi kwenye simu. Kawaida utaona 80 na kitu hadi 90 na kitu. Ikivuka 105, paki, zima, usifungue mfuniko.

Sasa kujaza kulanti, ambako gereji nyingi wanakosea. Wanafungua mfuniko, wanamimina mpaka juu, wanafunga. Hewa imebaki ndani, gari linachemsha kesho yake, mteja anaambiwa gasketi imekufa. Fanya hivi injini ikiwa baridi:

Chomoa hosi ya juu upande wa rejeta. Mimina kulanti kupitia hosi hiyo, iingie kwenye injini yenyewe, polepole mpaka ijae. Rudisha hosi. Legeza sikurubu ya plastiki iliyo juu ya rejeta, jaza rejeta mpaka kulanti itokee hapo bila mapovu, kisha kaza kwa mkono mwepesi maana inavunjika. Weka hita kwenye joto la mwisho. Washa, shikilia mizunguko 2,000 hadi 3,000 kwa dakika chache, subiri feni ziwake na kuzima mara mbili. Hosi ya chini iwe ya moto na hita itoe hewa ya moto. Acha ipoe kabisa, ongeza. Mfumo mzima unabeba takriban lita 6 hadi 7. Pima ulichomwaga kwenye ndoo, kirudi kiasi kilekile. Umemwaga 5 zimeingia 3, basi lita 2 za hewa zipo ndani.

Maelezo haya ni ya zisizo na tabo. Za tabo zina tangi lao la juu lenye mfuniko wake, na hapo ndipo pa kujazia.

Mama Forester

Spana17, na wale wanaosema Dar kuna joto, themostati itolewe?

Spana17

Hapana dada. Kwenye EJ themostati (vali inayofunguka kwa joto) ipo upande wa maji yanapoingia kwenye wota pampu, ndiyo inayopima injini ipewe maji baridi kiasi gani. Ukiitoa, asubuhi injini haifiki joto lake, kompyuta inadhani bado ni baridi na inaendelea kumwaga petroli. Halafu watu wanalalamika Subaru inakunywa. Mchana kwenye foleni itachemsha vilevile kama rejeta imeziba. Weka themostati orijino, inaanza kufunguka nyuzi 76 hadi 80. Zile za bei ya soda zina mdomo mdogo, ukizishika pamoja mkononi utaona tofauti. Mfuniko wa rejeta nao badilisha, uwe wa presha ya 1.1.

BeltiNaTensa

Naongezea taiming belti, inayozungusha kamshafti za kufungua vali, maana huu ni ugonjwa wa pili.

EJ zote zina belti, na kwenye nyingi pistoni hukutana na vali ikikatika. Kipimo cha kiwanda cha kuibadilisha ni kilomita 100,000. Gari la mtumba lenye kilomita 90,000 kwenye dashi, hesabu kwamba belti ni ya zamani na ibadilishe kabla hujalizoea. Mpira unazeeka kwa miaka pia, hausubiri kilomita.

Usinunue belti peke yake. Inayoharibu injini mara nyingi siyo belti, ni puli ya kupitishia iliyokauka grisi, hasa ile yenye meno, au tensa (kikaza belti) iliyovuja. Nunua seti: belti, puli zote, tensa, wota pampu na gasketi yake. Ukishafungua huko, badilisha na sili za kamshafti na kranki, na kaza sikurubu za nyuma ya oili pampu, huwa zinalegea zenyewe.

Makosa mawili ninayoyataja kila siku. La kwanza ni alama. Puli ya kranki ina mshale na ina kamstari kadogo kwenye jino la nyuma. Mshale ni wa pistoni kufika juu, HAUTUMIKI kufunga belti. Unatumia kamstari, kakae juu kabisa na kaangalie alama ya kwenye oili pampu. Fundi aliyezoea Toyota anafunga kwa mshale, gari linakataa kuwaka, anaanza kutafuta kosa kwenye plagi.

La pili ni tensa. Ikitoka inachomoza, na lazima irudishwe kwenye jiriwa ikiwa imesimama wima, polepole, dakika kadhaa, ndipo uchomeke pini. Ukiibana kwa haraka unapasua sili ya ndani. Inafungwa vizuri, na baada ya wiki kadhaa inaanza kugonga asubuhi.

Kwa injini za kamshafti nne, angalia upande wa kushoto. Zile kamshafti zimebanwa na springi za vali, ukitoa belti zinaruka zenyewe na vali zinaweza kugongana. Kuna kishikio chake, kitumie.

Gerezani Spea

Wadau, mkija Kariakoo au Ilala kutafuta spea, msiseme "Subaru Forester" mkanyamaza. Njoo na namba ya chesisi. SF5 ni 1997 hadi 2002, SG5 2002 hadi 2007, SH5 mwisho wa 2007 hadi 2012, SJ5 kuanzia 2012. Ile 5 ni lita 2.0, ikiwa 9 ni 2.5. SH5 ndiyo inayochanganya zaidi: za mwanzo zina EJ20 ya belti, mwishoni mwa 2010 kwa zisizo na tabo ikaingia FB20 ya cheni. Gari moja kwa macho, spea mbili tofauti.

Na kwenye ushuru, cc 1994 ya EJ20 inakaa chini ya mstari wa cc 2000. 2.5 inauvuka. Kabla hujavutiwa na bei ya 2.5 kwenye mnada, piga hesabu hiyo pamoja na ya uchakavu.

Lita Nne

Jamani, nati za kumwaga oili! Hii inaua giaboksi kimyakimya.

Chini ya Subaru ya otomatiki kuna nati tatu za kumwaga. Ya mbele kabisa, chini ya injini, spana 17, ndiyo oili ya injini. Inayofuata ni ya difu (gia za kugawa nguvu kwa magurudumu) ya mbele, kwenye nyingi za miaka ya 2000 inafunguka kwa toksi (spana ya nyota) T70. Ya nyuma yake, spana 17 tena, ni ya hidroliki ya giaboksi. Kijana wa kituo cha kubadilishia oili anafungua 17 ya kwanza anayoiona, anamwaga hidroliki, kisha anamimina lita 4 juu ya oili ya injini ambayo haijatoka. Gari linaondoka na giaboksi tupu na injini yenye lita 8.

Alama ya kujua: ikitoka nyekundu au kahawia nyepesi, simamisha kazi. Ikitoka nzito yenye harufu kali kama yai bovu, hiyo ni difu.

Viwango: injini ya EJ20 takriban lita 4 pamoja na filta, difu ya mbele kama 1.2 ya 75W-90 GL-5, difu ya nyuma 0.8. Difu ya nyuma fungua nati ya KUJAZIA kwanza. Ikikataa baada ya kumwaga, umekwama na difu tupu. Hidroliki, ukifungua nati hutoka kama lita 4 tu, nyingine inabaki kwenye toki konveta, kwa hiyo inafanywa kwa awamu.

Difu ya mbele ina kijiti chake, kifupi, upande wa pili wa injini. Wengi hawajui kipo. Ukipita Jangwani kwenye maji marefu, vuta hicho kijiti na ufungue ya nyuma pia. Rangi ikiwa ya chai ya maziwa, maji yameingia kupitia mdomo wa kupumulia. Mwaga siku hiyohiyo.

Kona Kali

SG5 otomatiki. Ukikata usukani mpaka mwisho kwenye maegesho, gari linang'ang'ania kama limekanyagiwa breki, linaachia kwa kuruka. Fundi anasema ni sivii joint, kiungo cha ekseli ya gurudumu.

Spana17

Sivii joint inalia ka-ka-ka, haing'ang'anii. Hiyo ni 4WD imeshikana. Angalia matairi kabla ya chochote. Mzunguko wa tairi moja na jingine usizidi tofauti ya milimita 6 hivi. Chukua futi ya fundi cherehani, zungushia yote manne. Tairi moja jipya na matatu yaliyoisha, au saizi mbili tofauti, klachi ya kugawa nguvu nyuma inateleza muda wote mpaka inaungua. Subaru ikipasuka tairi moja, unanunua manne, au mawili kama mengine bado mazito. Najua inauma.

Na brekidauni iwe ya kubeba gari zima. Kuinua mbele na kuburuza nyuma ni kuua giaboksi kwa hiari yako.

Mama Forester

FB20 je? Wanasema haina shida kwa kuwa ni cheni.

BeltiNaTensa

Belti huna, lakini za miaka ya mwanzo zina ringi zinazopitisha oili. Pima kijiti kila ukijaza tangi mara mbili, gari likiwa sehemu tambarare na limezimwa dakika kumi. Oili ni 0W-20, karibu lita 5. SJ5 nyingi zimekuja na CVT, giaboksi isiyo na gia za ngazi, na CVT haitaki hidroliki ya kawaida, hata tone.

Tabo sitaki kusema mengi. Zimetengenezewa petroli ya premiamu ya Japani. Ukiona sauti ya kugonga unapokanyaga ukiwa gia kubwa, punguza mguu. Pistoni za EJ za tabo hupasuka kingo za ringi kwa hilo.

Gerezani Spea

Nyuma imelala kama imebeba saruji? Baadhi ya Forester zina shokapu za kujiinua zenyewe. Zikifa, watu huweka za kawaida na gari linabaki limelala, kwa sababu springi zake ni laini. Badilisha shokapu pamoja na springi. Na mvumo unaoanza kilomita 60 na kukua na mwendo ni beringi za nyuma, ugonjwa wa SF na SG.

Kona Kali

Nimepima. Matatu yana mzunguko uleule, la nyuma kushoto limezidi milimita 19.

Spana17

Umeshajijibu. Wakati unatafuta matairi, fungua boneti, kuna kiboksi kimeandikwa FWD (kuvuta mbele tu), kiko tupu. Chomeka fyuzi, taa ya FWD itawaka kwenye dashi na gari litavuta mbele tu. Zungusha tena maegesho. Likiachia, klachi bado inasikia, matairi yatatosha. Likiendelea kung'ang'ania na fyuzi ipo, ni solenoidi (vali ya umeme) ya nyuma ya giaboksi au klachi yenyewe imechimbika, na hiyo hufunguliwa kwa nyuma bila kushusha giaboksi zima. Usikubali kushushiwa.