Majina yanayofanana wodini: mnahakikishaje kwamba dawa inamfikia mgonjwa mwenyewe?

Muuguzi mgeni, Kisumu

Wauguzi wenzangu, hamjambo. Nina miezi saba tangu nianze kazi katika wodi ya watoto hapa Kisumu, na ninaomba ushauri juu ya jambo lililoninyima usingizi. Usiku wa juzi tulikuwa na wasichana wawili wanaoitwa Achieng, na kwa mtu wa huku hilo si ajabu, kwani jina hilo hupewa mtoto aliyezaliwa jua likiwa juu. Mmoja alikuwa na malaria kali, mwingine nimonia. Wodi ilikuwa imejaa, kwa hiyo mama mmoja alihamishiwa kitanda cha jirani na chati ya mtoto ikabaki ilipokuwa. Nilifika na bomba la sindano lenye atesuneti, dawa ya malaria kali, mkononi, nikauliza, "Huyu ni Achieng?" Mama akaitikia. Nilikuwa nimeshaishika kanula, yaani kimrija cha kupitishia dawa mshipani, nilipoona kwamba plasta iliyoizuia ina tarehe ya siku mbili nyuma, ilhali mtoto wa malaria alilazwa jioni ileile. Nikarudi kwenye chati, nikakuta kweli siye.

Dawa haikuingia, lakini mikono ilinitetemeka mpaka alfajiri. Yale mambo matano tuliyofundishwa chuoni, yaani mgonjwa sahihi, dawa sahihi, kipimo sahihi, njia sahihi na wakati sahihi, ninayajua kwa ghibu. Ninyi mnayatekelezaje saa tisa za usiku, mkiwa wawili kwa wodi nzima?

Msimamizi wa wodi, Nakuru

Mwanangu, kilichokuponza ni namna ulivyouliza. Mama aliyekesha na mtoto mgonjwa, ukimwuliza "Huyu ni Achieng?" ataitikia hata kama hakukusikia vizuri, kwa sababu anaona msaada umefika. Mwulize, "Mtoto wako anaitwa nani, majina yote?" kisha unyamaze mpaka ayataje mwenyewe, nawe uyalinganishe na chati pamoja na namba ya kulazwa. Namba ya kitanda usiitegemee hata kidogo, maana katika wodi zetu watoto wawili hulala kitanda kimoja. Wakiwapo wenye jina moja, andika onyo kwa wino mwekundu juu ya chati zote mbili na ulitaje wakati wa kupokezana zamu.

Dawa uliyoivuta wewe, uitoe wewe, na utie sahihi baada ya kuitoa, kamwe si kabla. Kwa insulini ninasisitiza neno "yuniti" liandikwe kwa ukamilifu, kwa kuwa herufi U iliyoandikwa kwa haraka husomeka kama sifuri, na yuniti 10 zikageuka 100.

Muuguzi, Kakamega

Ninaunga mkono, ila kwa kuwa umetaja atesuneti ninaongeza jambo ambalo limewahi kunipata mimi mwenyewe katika hesabu. Kichupa cha miligramu 60 huyeyushwa kwanza kwa mililita 1 ya baikaboneti, kisha huongezwa maji ya chumvi: mililita 5 ikiwa dawa itapita kwenye mshipa, mililita 2 ikiwa ni sindano ya msuli. Kwa hiyo mililita moja ina miligramu 10 katika mchanganyiko wa kwanza, na 20 katika wa pili. Mtoto wa kilo 12 anahitaji miligramu 3 kwa kila kilo, yaani 36, ambazo ni mililita 3.6 za mshipa au 1.8 za msuli. Ukichanganya kwa njia moja ukahesabu kwa nyingine, mtoto atapata maradufu au nusu, na hakuna atakayegundua kwa kuitazama dawa, kwani zote mbili ni angavu kama maji. Ninaandika njia na ujazo kwenye plasta ya bomba kabla sijaondoka mezani, na mwenzangu huirudia hesabu bila kuonyeshwa jibu langu. Uzito nao upimwe kwa mizani, usikisiwe.

Tarehe ile ya plasta imekuokoa kwa sababu ulitazama. Endelea kutazama hapohapo: je, mkono umevimba au kuwa mwekundu kwenye kanula? Mtoto wa malaria kali pia apimwe sukari, kwa maana ikishuka huleta degedege ambalo ni rahisi kudhani ni la homa.

Muuguzi mgeni, Kisumu

Asanteni sana. Leo usiku nimeuliza kama mlivyonielekeza, na mama wa kwanza akataja jina la ukoo ambalo halikuwa kwenye chati, kumbe mapokezi walilikosea. Tumelirekebisha kabla ya dozi. Je, lile tukio la juzi inanipasa niliripoti, ingawa mtoto hakudhurika?

Msimamizi wa wodi, Nakuru

Liripoti leo kwa maandishi, ukieleza kwamba mgonjwa alihamishwa bila chati yake. Hapo ndipo kosa lilipoanzia, na zamu ya kesho itawahamisha wengine.