Mrejesho: Shosho aliyekuwa akikataa kupigwa mswaki

Niliwauliza nifanyeje na shosho mmoja kwenye makao ya wazee ninakofanya kazi hapa Nairobi. Ana ugonjwa wa kusahau, na kila akiona mswaki alikuwa akifumba mdomo au kuung'ata. Asanteni sana kwa majibu yenu.

Sasa naketi mbele yake, namsalimu, namweleza ninachotaka kufanya, kisha namshikisha mswaki na kuuongoza mkono wake. Mara nyingi mkono unakumbuka kazi. Akikataa simlazimishi, narudi baada ya chai.

Ila ushauri wa kukagua kinywa kwanza ndio uliomwokoa. Chini ya meno bandia ya juu, ufizi ulikuwa mwekundu, una kidonda. Kumbe mama wa watu alikuwa anaumia! Nilimwambia muuguzi msimamizi, daktari wa meno akaitwa, akampa dawa ya fangasi. Siku hizi meno yale hulala kwenye maji usiku. Nayasafishia juu ya karai lenye maji, yakiponyoka yasivunjike.

Na kwa aliyeuliza kwa nini nahangaikia meno machache ya mzee: mate yenye bakteria yakiteleza hadi mapafuni huleta nimonia, hasa kwa anayemeza kwa shida. Ndiyo maana huwa namketisha wima, na dawa ya meno naweka kidogo tu, kama punje ya njegere.

Jioni bado ni ngumu, huwa amechoka na ana wasiwasi. Mwenye mbinu ya saa hizo anisaidie tafadhali.