Picha za harusi kutoka kamera mbili: saa zimepishana, mpangilio umevurugika

kisiki_07
Wakuu, habari za kazi. Nina picha kama 2,300 za harusi ya Jumamosi 16 Novemba 2024, zimepigwa kwa kamera mbili, Canon na Nikon, zote RAW (faili ghafi za kamera). Nimezipanga kwa muda kwenye laptopu ya Windows, lakini keki inakatwa kwanza, kanisani wanaingia baadaye! Nikon inadai keki ilikatwa 13:39, na dirishani kunaonekana giza. Halafu taa za ukumbi zimefanya nyuso ziwe za chungwa. Nianze na lipi? Programu ya kulipia sina.

lenzi_moja
Mkuu, anza na saa, rangi iache kwanza. Hiyo ni dalili kwamba aliyeweka saa kwenye Nikon aliandika saa ya Kiswahili: saa tatu asubuhi akaweka 03:00 badala ya 09:00. Kamera ikabaki nyuma kwa saa 6, na picha za baada ya saa sita usiku zikabaki na tarehe ya Jumamosi wakati kumeshaingia Jumapili.

Usiongeze 6 kavukavu, maana saa za kamera mbili hupishana na dakika pia. Tafuta tukio ambalo zote mbili zimelinasa papo hapo, mfano kisu kikigusa keki. Tuseme Canon inasema 19:42:10 na Nikon 13:39:52. Tofauti ni 6:02:18, na hiyo ndiyo ya kuongeza.

Pakua ExifTool, programu ya kusoma na kubadilisha taarifa za ndani za picha, ni ya bure. Ukiifungua utakuta faili limeitwa exiftool(-k).exe, libadilishe liwe exiftool.exe, na folda ya exiftool_files ikae pembeni yake, ukiitenganisha haifanyi kazi. Viweke vyote viwili mahali pamoja na folda ya NIKON (yenye picha za Nikon), kisha kwenye upau wa anwani wa folda inayovibeba vyote hivyo andika cmd, bonyeza Enter, halafu:

`exiftool -r "-AllDates+=6:2:18" NIKON`

Hiyo -r inaingia mpaka folda za ndani. Canon usiiguse. Kila faili litaachiwa nakala yake ya awali yenye _original mwishoni mwa jina, kwa hiyo folda hiyo itachukua nafasi mara mbili. Hakikisha diski ina nafasi.

Na ukipanga kwenye Windows tumia safu ya tarehe ya kupigwa picha. Ile ya kubadilishwa faili itakudanganya, kwa sababu amri hii yenyewe inaibadilisha.

kibatari
Naongezea: kabla ya amri yoyote, memori kadi zimeshanakiliwa mahali pawili? Nakili, usikate na kubandika. Umeme ukikatika katikati ya kuhamisha, unaweza kubaki na faili nusu huku na nusu kule. Ukimaliza, linganisha idadi ya faili na ukubwa kwa baiti, kadi dhidi ya folda. Kadi usizifute mpaka diski ya nje nayo iwe na seti kamili.

Zile ulizotumiwa na ndugu kwa WhatsApp (majina kama IMG-20241116-WA0012) ziweke folda ya peke yake. Zimebanwa, na tarehe ya ndani imeondolewa, ExifTool haitakuwa na cha kusoma. Waombe wazitume upya kama hati, siyo kama picha.

giza_na_nuru
Hapo watu wengi wanajikwaa: wanasafisha rangi kwanza, majina wanabadilisha baadaye. darktable (programu ya kurekebisha picha, ya bure pia, inafaa kazi yako) haigusi RAW. Inaandika marekebisho kwenye faili dogo la pembeni, mfano DSC_0412.NEF.xmp. Ukibadilisha jina la picha nje ya programu, lile dogo linabaki yatima, na kwenye darktable picha inageuka fuvu la kichwa. Kwa hiyo ni saa, majina, ndipo rangi.

Ukishakagua saa, futa zile _original kwa `exiftool -r -delete_original NIKON` (itakuuliza kwanza), halafu majina:

`exiftool -r -d "%Y%m%d_%H%M%S_%%f.%%e" "-FileName<DateTimeOriginal" NIKON CANON`

Utapata 20241116_194210_DSC_0412.NEF. Namba ya zamani ibaki: picha tano za sekunde moja zitakaa kwa mfuatano, na DSC au IMG inakuonyesha kamera. Ukiiweka amri hii kwenye faili la .bat, kila % iandikwe mara mbili. Usigawe folda kwa siku, sherehe imevuka usiku wa manane. Folda moja 2024-11-16_Harusi inatosha.

Rangi sasa. Fungua picha moja ya ukumbini, nenda kwenye chombo cha mizania ya weupe (white balance), chagua kitu cheupe kweli: shati, sahani, leso. Shela mimi siliamini, mengi yana rangi ya maziwa, na ukipima hapo nyuso zinakuwa za buluu. Kwa taa za balbu za njano tarajia karibu 2,800 hadi 3,000 K (kelvini, kipimo cha joto la rangi). Ukiridhika, nenda kwenye orodha ya picha, Ctrl+C juu ya hiyo moja, chagua nyingine za taa hizohizo, Ctrl+V. Za kanisani zifanyie peke yake. Nyuso zilizopigwa na taa za zambarau za jukwaani usihangaike nazo, taa ya rangi moja haibebi rangi nyingine za kurudisha. Zigeuze nyeusi na nyeupe.

Za kuchapisha kwenye karatasi za sentimita 10 × 15 zitoe JPEG za sRGB (mfumo wa rangi wa kawaida), pikseli 1,800 × 1,200, ubora 92 hivi.

kisiki_07
Asanteni. Nimeharibu kidogo: sikuona kama imefanya kazi, nikairudia amri ya saa. Keki sasa inasema 01:44:28 ya Jumapili.

lenzi_moja
Imejumlisha mara mbili; += haikumbuki kwamba ulishaiendesha. Bahati yako hujafuta zile _original, na mara ya pili haziandikwi upya, bado ni za kutoka kwenye kadi. Andika:

`exiftool -r -restore_original NIKON`

Keki itarudi 13:39:52. Kisha amri ya kujumlisha mara moja tu, subiri mpaka iandike idadi ya "image files updated", na uikague keki kabla ya kwenda kwenye majina.