MJADALA: Je, ni halali serikali ya Marekani kuvikatia vyuo fedha kwa sababu ya maandamano?

Mzizima (mwanzisha mada)
Serikali inaweza kuweka masharti kwenye fedha zake. Hilo silipingi. Ninachopinga ni namna vyuo vya Columbia na Harvard vilivyobanwa mwaka 2025, kwa madai kwamba viliacha maandamano ya kuitetea Palestina yageuke bughudha kwa wanafunzi Wayahudi.

Sheria inayotajwa ni Sura ya VI ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964: anayepokea fedha za serikali kuu asimbague mtu kwa rangi, nasaba au taifa la asili. Chuo kikituhumiwa, hatua zimeandikwa. Kinaarifiwa kosa lake na kutafutwa maelewano ya hiari. Yakishindikana, shauri linasikilizwa, chuo kinajitetea na uamuzi unawekwa kwenye kumbukumbu. Kisha ripoti inakwenda kwa kamati za Bunge na siku 30 zinapita. Hata hapo zinakatwa fedha za programu ile tu iliyokutwa na kosa.

Columbia ilitangaziwa ukaguzi Machi 3. Machi 7 dola milioni 400 zikafutwa. Siku 4! Barua ya Machi 13 ikataka barakoa zipigwe marufuku, na idara ya masomo ya Mashariki ya Kati, Asia Kusini na Afrika iwekwe chini ya msimamizi kwa miaka isiyopungua 5. Mtafiti wa saratani anahusikaje na hayo?

Bint Shela
Ndugu Mzizima, umeeleza utaratibu vizuri ila umewaacha nje wanafunzi Wayahudi. Sheria hiyo haitaji dini, lakini inawalinda kwa sababu ya nasaba yao. Kipimo kinachotumika kinatokana na uamuzi wa Mahakama ya Juu wa 1999, katika kesi ya shule ya Monroe iliyohusu bughudha ya kijinsia: bughudha iwe kali, imeenea, na imemnyima mwanafunzi nafasi ya kusoma, huku uongozi ukijua na kupuuza. Kamati ya Harvard yenyewe ilitoa ripoti Aprili 2025 ikikiri kwamba Wayahudi walitengwa na kutishwa pale chuoni, na ripoti ya pili ikasema hali kama hiyo iliwapata Waislamu na Waarabu. Tena, kuliteka jengo la Hamilton Hall, kama ilivyotokea Columbia Aprili 2024, si maoni. Ni uvamizi. Uongozi ukilegea, nani auwajibishe?

Karani wa Sheria
Dada, kuhusu jengo uko sahihi kabisa. Hata mahema ya waandamanaji yanaweza kukatazwa: Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1984 kwamba katazo la kulala bustanini ni halali, mradi linawagusa wote bila kujali wanasema nini. Chuo kinaweza kupanga saa, mahali na namna ya kuandamana. Kosa linaanza pale kanuni inapolegezwa kwa kundi moja na kukazwa kwa jingine kwa sababu ya msimamo wao.

Kuna jambo wengi wanalichanganya. Katiba, inapolinda uhuru wa kusema, inaifunga serikali. Columbia na Harvard ni vyuo binafsi, vinaweza kujiwekea kanuni kali kuliko chuo cha umma. Lakini serikali ikikiamuru chuo binafsi kimnyamazishe fulani, mkono ni wa serikali na Katiba inahusika. Mwaka 2024, katika kesi ya NRA (chama cha wenye bunduki) na Vullo (ofisa wa serikali ya jimbo la New York), majaji wote 9 wa Mahakama ya Juu walikubaliana juu ya hilo.

Sasa soma madai ya Aprili 11 kwa Harvard: mkaguzi wa nje apime mseto wa maoni katika kila idara, na idara itakayopungukiwa iajiri watu wa kuusawazisha. Hapo ulinzi wa Myahudi uko wapi? Harvard ilikataa Aprili 14, na siku hiyohiyo dola bilioni 2.2 zikazuiwa. Septemba 3 Jaji Allison Burroughs akaamua kwamba hatua hiyo ilivunja Katiba na utaratibu wa Sura ya VI.

Bint Shela
Kama sheria iko wazi hivyo, mbona Columbia ilikubali mwezi Julai kulipa dola milioni 200 kwa miaka 3, na nyingine milioni 21 juu yake?

Karani wa Sheria
Kwa sababu ya jinsi fedha za utafiti zinavyotembea. Kwa kawaida chuo hutumia kwanza, kisha hurudishiwa na serikali. Amri ya kusimamisha kazi ikija, marejesho yanakoma lakini mishahara inaendelea. Wanyama wa maabara wanataka chakula, seli zinataka kulishwa, wagonjwa walio katikati ya majaribio ya dawa hawawezi kuambiwa wasubiri hukumu. Harvard ilishinda baada ya karibu miezi 5, na utafiti uliovunjika katikati haurudi ulipokuwa kwa karatasi ya jaji.

Watu husema chuo kitumie mfuko wake wa wakfu. Wa Harvard ulikuwa kama dola bilioni 53 mwaka 2024, lakini sehemu kubwa imefungwa na masharti ya wafadhili: huyu alitoa kwa kiti cha profesa, yule kwa ufadhili wa wanafunzi. Kinachotolewa kwa mwaka ni karibu asilimia 5.

Nyota ya Asubuhi
Niongeze kwa wenye watoto wanaosoma huko. Aprili 2025 maelfu ya wanafunzi wa kigeni walifutiwa rekodi zao katika SEVIS, mfumo wa serikali wa kuwafuatilia. Baadhi walinaswa kwa sababu tu majina yao yalionekana kwenye hifadhidata ya polisi, hata kesi zikiwa zimefutwa. Baada ya kesi nyingi mahakamani, rekodi zikarejeshwa.

Viza ni ruhusa ya kuingia nchini. Uhalali wa kukaa na kusoma unatokana na rekodi ya SEVIS na fomu ya I-20, hati anayopewa na chuo kilichompokea. Viza ikifutwa, mtoto aende kwanza kwa afisa wa wanafunzi wa kigeni chuoni, aulize kama rekodi iko hai, achapishe nakala, na asivuke mpaka kabla ya kuonana na wakili wa uhamiaji. Akitoka, hataweza kurudi bila viza mpya. Na tangu Juni 2025 waombaji wapya wanatakiwa kuacha kurasa zao za mitandao ya kijamii wazi ili maofisa wazisome.

Mzizima
Ahsante, Nyota. Bint Shela, swali lako la nani auwajibishe uongozi nalijibu hivi: mwanafunzi aliyebughudhiwa afungue kesi dhidi ya chuo, au alalamike Wizara ya Elimu, ofisi ya haki za kiraia. Ofisi hiyo ndiyo yenye wachunguzi wa malalamiko hayo, na Machi 2025 serikali hiyohiyo ilifunga matawi yake 7 kati ya 12.