Kuchovya ufunguo kwa shaba na watoto: mbona unatoka mweusi?

BiMkomani
Assalaam aleikum. Niko Lamu, nina watoto sita wa miaka 10 hadi 12, nataka wachovye ufunguo kwa shaba nyekundu kwa umeme wa betri. Gilasi ina siki mililita 200 na kijiko cha chumvi. Waya wa shaba uko upande wa chanya, ufunguo upande wa hasi, betri ni ya volti 9. Ufunguo unafoka mapovu, na baada ya dakika tano umefunikwa na kitu cheusi kinachofutika kwa kidole. Siki haijageuka rangi, ila chini pametuama tope la rangi ya machungwa. Nimekosea wapi?

Fundi wa Redio
Wa aleikum salaam, dada. Makosa ni mawili. La kwanza ni betri. Shaba ikitoka kwenye waya wa shaba kwenda kukaa kwenye ufunguo haidai volti nyingi. Betri moja ya tochi, volti 1.5, yatosha na kubaki. Wewe umetia 9, na siki yako wakati unaanza haikuwa na shaba hata chembe. Umeme ukikosa shaba hukamata haidrojeni ya siki, ndiyo hayo mapovu. Na ile shaba kidogo inayowahi kufika hutua ovyo, ikawa kama masizi. Huo weusi si uchafu, ni shaba yenyewe imekaa ungaunga.

La pili ni chumvi. Inapitisha umeme vizuri, lakini huitoa shaba katika hali isiyoyeyuka vyema, na tope lako la machungwa limetokana na hilo. Tena siku mtu akitia kijiti cha kaboni cha betri kuukuu mahali pa waya wa shaba, chumvi hiyo itatoa klorini, gesi ya kuumiza kifua. Iache kabisa.

Betri ya volti 9 ina kazi yake, ila mwanzoni tu. Tia waya wa shaba pande zote mbili ndani ya siki tupu, dirisha wazi, uache mpaka siki iwe buluu ya kuonekana. Ni saa kadhaa, si dakika. Ndipo utoe waya wa upande wa hasi, utundike ufunguo, uhamie betri ya tochi.

Mwalimu wa Malindi
Fundi amesema kweli, lakini watoto hawatakaa saa nne kutazama siki. Tumia mrututu, yaani kopa salfeti. Gramu 20 kwa mililita 200 za maji, na kijiko kikubwa kimoja cha siki. Duka la dawa za kilimo wakikupa unga wa kijani, urudishe: hiyo ni kopa oksikloraidi, haiyeyuki. Unataka fuwele za buluu. Maji yawe ya mvua, ya jabia. Ukichota kisima chenye maji ya chumvi, chumvi uliyoifukuza imerudi.

Kipimo cha umeme ni kama miliampia 10 kwa kila sentimita mraba. Ufunguo wa kawaida, pande zote mbili, una kama sentimita mraba 15. Tia rezista, kidude cha kupunguza umeme, ya omu 10 kwenye njia ya betri moja ya tochi, nawe hutavuka miliampia 150. Pinda waya wa shaba uzunguke ndani ya gilasi, uukabili ufunguo kotekote, la sivyo upande wa mgongo utabaki mtupu huku meno yakiota chunusi. Vibanio visiguse maji. Nusu saa.

Usafi ndio unaoamua. Msasa laini, sabuni, suuza, kisha usiguse kwa vidole. Maji yakitandaa juu ya ufunguo, uko tayari. Yakijikusanya matone, mafuta bado yapo.

Mrututu ni sumu. Mtu mzima ndiye apime na kumimina, miwani machoni, na gilasi hiyo isirudi jikoni.

Sonara
Nyongeza ndogo. Kwangua waya kwa kisu kabla ya kuuamini. Ukiona weupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba. Waya wa mota una vanishi, usipoikwangua umeme haupiti. Ule wa nyumba, milimita mraba 2.5, ni mzuri. Na ukipata mizani yetu ya gramu 0.01, pima ufunguo na waya kabla na baada, vyote vikiwa vikavu. Miliampia 100 kwa nusu saa ni gramu 0.06 za shaba: waya unapungua, ufunguo unaongezeka. Hapo watoto ndipo hufungua macho.

BiMkomani
Shukrani. Ufunguo wangu unashikwa na sumaku. Kijiko cha chuma kisichoshika kutu kitafaa badala yake? Na maji yakibaki nimwage wapi?

Mwalimu wa Malindi
Ukishikwa na sumaku sana, ni chuma. Chuma hunyakua shaba kwenye mrututu chenyewe, kabla hujaunga betri. Kufumba na kufumbua kinakuwa chekundu, lakini ni ngozi ya kufutika. Tafuta ufunguo wa shaba ya manjano. Kijiko hicho nacho kina utando wa kromu, shaba itabambuka. Na upande wa chanya usikitie kamwe, kitatoa kromu yenye sumu.

Maji usiyamwage. Waya unayarudishia shaba kila inapotumika, kwa hiyo yatie chupani, andika SUMU, yatumie tena. Ukitaka kuyamaliza, tumbukiza misumari mitupu ya chuma siku mbili tatu mpaka buluu iishe, shaba ibaki tope chini. Baharini hapana: rangi nyingi za kupaka mashua chini ya maji hutiwa shaba kwa sababu inaua kila kinachotaka kuota pale.