Wachapa mabango wa Mbeya, hii "TAMASHA HII" mtaiacha lini?

Wakuu, kuanzia Kabwe hadi Uyole nguzo zimejaa mabango, na kosa ni lilelile: "TAMASHA HII SIYO YA KUKOSA". Herufi nyekundu, namba ya simu chini, katikati lugha imechinjwa. Hela ya kuchapa imelipwa, gari la matangazo limekodiwa, na hakuna aliyesoma mara mbili!

Tamasha ni ngeli ya LI-YA. Tamasha hili limefana, matamasha haya yamefana. Kinachowaponza ni kwamba neno halina ji- mbele, halafu linatajwa kila siku pamoja na sherehe na hafla, ambazo kweli ni I-ZI. Basi nalo wanalisukumia huko. Msijipime kwa "kubwa", haisaidii: sherehe kubwa, tamasha kubwa, zote sawa. Pimeni kwa -zuri. Sherehe nzuri, lakini tamasha zuri. Tamasha la ngoma, siyo "ya ngoma". Na wingi ndio unaumbua kabisa: kuna bango limeandikwa "tamasha zetu". Ni matamasha yetu.

Kinachokera zaidi ni maana. Neno hili lina asili ya Kiajemi, na huko linahusu kutazama na kinachotazamwa. Kwetu ni hivyohivyo: pawe na wanaoonesha, watazamaji na ratiba. Ngoma, maigizo, sarakasi, muziki. Sasa mtu ana semina ya mbolea, viti thelathini vya plastiki na projekta, anaiita tamasha. Mama anapanda daladala na watoto kutoka Igawilo, anafika anauziwa dawa ya tumbo. Huo ni utapeli, tuuite kwa jina lake.

Semina iandikwe semina. Mahafali yaandikwe mahafali. Kama mnachangisha, andikeni harambee ili mtu ajipange kabla hajatoka nyumbani. Nane Nane pale viwanja vya John Mwakangale ni maonesho, kwa sababu bidhaa ziko mabandani na mgeni anazunguka kwa muda wake. Jioni ngoma zikipanda jukwaani kwa ratiba, hilo ndilo tamasha, ndani ya maonesho.

Na ninyi wa kurasa za habari: lori limepinduka Mlima Nyoka, watu wameumia, mnaandika "tamasha la bure". Ile ni ajali! Wakizozana makonda stendi, andikeni kioja au kizaazaa. Tamasha hupangwa.

Halafu "saa 2:00 mchana" ni saa ngapi? Andikeni saa 8 mchana, basi.

Wenye mashine, kabla ya kuchapa mpeni mwalimu yeyote wa Kiswahili maneno matupu, bila picha wala rangi, maana rangi ndizo zinazoficha kosa. Turubai likishatoka halifutiki, na karatasi mnayobandika juu ya kosa haimalizi mvua moja ya Mbeya.