Wauza fimbo za kuvulia mtandaoni, mnatufanya sisi wa ziwani wajinga?

Wakuu salaam. Siku tatu najizuia kuandika, leo imenishinda.

Niko Mbeya, likizo zangu zinaishia Matema, pale Ziwa Nyasa. Nilitaka fimbo ndogo ya kuvulia pale kwenye mawe, maji ya kiunoni, yale ambayo ukisimama unaona vidole vyako vya miguu. Nikamwandikia muuzaji mmoja wa Dar nikamweleza hivyo hivyo. Jibu: "Kaka, fimbo ni fimbo, hii inavua popote." Laki na ishirini pamoja na rili (kile kigurudumu cha kukunjia uzi), ikaja na basi hadi stendi ya Nane Nane.

Kuivuta yote: mita 4.2! Hiyo ni ya mtu wa baharini, anayesimama ufukweni akirusha chubwi lizito, ile risasi ya kuzamishia chambo, livuke mawimbi. Na imeandikwa kabisa juu ya kishikio, gramu 100 hadi 250. Huo ndio uzito inaoutaka ili ipinde ndipo irushe. Chubwi langu mimi ni gramu 10. Nikirusha, fimbo wala haishtuki, chambo kinadondoka miguuni kama kokwa la embe. Nikafunga chubwi la uzito inaoutaka: pwaa! Samaki wote wakahamia Malawi.

Mshipi, yaani uzi wa kuvulia, nao unene wake milimita 0.60. Kwa maji angavu ya Nyasa, perege anauona kama kamba ya kuanikia nguo. Ndoano 4/0, haiingii mdomo wa samaki wa kiganja. Nikalalamika, akanijibu, "Basi nunua namba 1, ndiyo ndogo." Jamani! Ndoano ambazo namba yake haina mkwaju (/), namba ikipanda ndoano inapungua. Namba 10 ni ndogo kuliko namba 4. Mtu anauza kitu asichokijua.

Kilichoniuma zaidi ni dogo mmoja wa pale, kama miaka kumi hivi. Ana mwanzi, mshipi mwembamba, na minyoo kwenye kopo. Kashatunga samaki sita. Ananitazama kwa huruma: "Shikamoo. Hiyo ni antena?"

Nilichotaka ni mita 1.8 au 2.1, ya gramu 5 hadi 20, na mshipi wa 0.25. Basi. Nikaomba kubadilishiwa, kanambia mzigo ukishatoka haurudi, kisha kanipiga bloku.

Mdau wa Tanga au Mtwara unayevulia baharini, ipo, haijawahi kunusa samaki. Njoo inboksi tuongee bei. Rili naibakiza.